Kiwanja Chako Kipo

Zuhura mwanangu,

Kesho tutaagana vibaya. Najijua, na wewe nakujua. Mimi nitakuuliza kama begi umelifunga sawasawa, wewe utasema, "Mama, basi," gari litapiga honi, na tutabaki tumeshikana mikono kama watu waliojuana msibani. Ndiyo maana nakuandikia. Naandika tangu juzi, kila unapotoka kwenda kuaga watu. Mkono wangu mzito, daftari limejaa kufutwafutwa, lakini maneno ni yangu yote. Mwalimu Rehema, jirani yetu, alitaka kunisaidia nikamkatalia asiguse hata nukta.

Ya kula, ya kuvaa na ya kunywa dawa sikuandikii. Una miaka sitini na mmoja, na ishirini na nane kati ya hiyo umeimaliza kuwaogesha wazee wa Kijerumani kwenye nyumba yao ya wazee. Kama hujui kujitunza mpaka leo, barua yangu haitakusaidia.

Nataka nikueleze habari ya minazi. Unaijua nusu. Ile nusu uliyoipata pale getini, kwa kelele na aibu, haitoshi, na sitaki uende Indonesia na nusu.

Baba yako alinioa kutoka Kiwangwa nina miaka kumi na saba. Nilitoka kwenye mananasi, bahari nilikuwa naisikia kwa watu. Siku ya pili aliponifikisha Mbegani alinipitisha shambani, anaupiga mnazi kofi anasema, "Huu wangu," anaupiga mwingine, "Huu wangu, ule wa mjomba." Ardhi yote ilikuwa ya mjomba wake, lakini minazi kumi na minne ilikuwa ya baba yako. Nikamuuliza, mti wako utasimamaje kwenye ardhi ya mtu? Akacheka. Akaniambia huku pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, mtu anaweza kuuza minazi yake yote na udongo ukabaki wa mwingine, na wala watu hawagombani. Mjomba alipofariki ndipo ardhi nayo ikawa yetu. Hilo la mti na ardhi nililishika siku ile kama aya, na ndilo lililoniponza.

Baba yako alipokufa ulinipigia simu unalia, unataka kupanda ndege. Nikakwambia usije. Nikasema nauli ghali, maiti haingoji, tunazika alasiri. Kweli tulizika alasiri. Lakini ungeweza kuja siku ya tatu, ungeweza kuja arobaini, ukakaa na mimi eda yangu, ukanipikia uji. Nilikuonea uchungu pesa zako. Na mimi nilitaka uje, Zuhura. Nilipokata simu nilikaa naiangalia, nikingoja upige tena uniambie, "Nakuja hivyo hivyo." Hukupiga. Ulifanya nilivyokwambia, ndivyo nilivyokulea, sasa nikulaumu vipi? Lakini ungekuja, ile karatasi ungeisoma wewe.

Nilikuwa nimetoka eda hata wiki mbili hazijatimia, nimeshahamia chumba hiki cha Bagamoyo mjini, akaja dalali mmoja, Kassimu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kama umeleta ubani, umechelewa."

"Nimeleta neema, bibi yangu. Nina mtu wa Dar anataka, na ana haraka. Twende shambani tukahesabu minazi."

Miaka ile watu walikuwa wanaikata minazi mizee wanapasua mbao, wanaezekea mahoteli. Nikajua huyu naye ni wa mbao. Tukaenda. Nikawa nauwekea mkono mnazi mmoja mmoja, yeye anapaka chokaa nyuma yangu. Tukafika thelathini na tisa. Akataka kupaka ile miwili ya makaburini.

"Hiyo usiiguse," nikamwambia. "Wala hapo chini usikanyage. Hapo yupo mume wangu, wapo wakwe zangu, yupo na mwanangu wa siku saba."

"Haya bibi, usinipige. Makaburi tutayaandika."

Kisha akataja bei ya mnazi mmoja. Zuhura, nilivuta ncha ya kanga nikajiziba mdomo ili asinione nacheka. Minazi yenyewe imeliwa na wadudu, mingine ilikuwa haitoi nazi ya kutia kwenye mchuzi wa siku moja, na huyu kijana anaitajia bei ile! Nikasema moyoni, mtoto wa watu hana akili, ngoja nimkamue. Nikampandishia. Akakubali. Nikazidi kufurahi. Na nikawaza zaidi: atakata, atang'oa visiki, atabeba, na mwanangu akija kujenga atakuta kiwanja cheupe, kimesafishwa kwa jasho la mtu mwingine na mimi nimelipwa.

Akaleta karatasi na mashahidi wake wawili. Nikabonyeza dole gumba. Sikumwita mtu anisomee. Mwalimu Rehema alikuwa ukuta kwa ukuta na mimi, ningekohoa tu angekuja. Sikukohoa. Sikutaka ajue nimepata pesa nyingi namna ile. Hapo ndipo penye kosa langu, usilitafute kwingine. Ukiulizwa mama yako alitapeliwaje, sema alikuwa anamtapeli mwenzake.

Baada ya miezi minne nikasikia Mbegani kunajengwa ukuta. Nilikwenda mbio kwa miguu hii unayoijua. Nikamkuta Kassimu amesimama na mafundi, nikamshika shati.

"Nimekuuzia miti! Ukuta wa nini?"

"Bibi, niache shati kwanza. Tangu lini shamba la pwani likauzwa kwa futi? Wazee wote wameuza kwa kuhesabu minazi. Tulihesabu au hatukuhesabu? Kuna mnazi hata mmoja niliokudhulumu?"

Nilimtukana mpaka mafundi wakaziba masikio. Lakini njiani nikirudi nikakumbuka kwamba hata mjomba wa baba yako alipouza kile kipande cha upande wa barabara, walihesabu minazi, na ardhi ikaenda. Mila zote mbili zilikuwa za kwetu. Mimi nilishika ile iliyonipendeza. Kassimu siku hizi yuko Msata, anauza viwanja vya njia panda. Nimeacha kumwapiza, maana siwezi kuapa kwamba alinidanganya.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Rehema nikamwambia nifundishe kusoma. Akauliza, bibi, umri huu, una nini? Nikamwambia nataka kusoma majina kwenye simu. Karibu mwaka mzima nilikuwa nakwenda kwake baada ya adhuhuri, naunganisha herufi kama mtoto. Siku nilipoona naweza, nilijifungia chumbani, nikaitoa ile karatasi chini ya godoro. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichosoma duniani, mwanangu. Ardhi pamoja na mimea yote iliyomo. Neno ardhi nililisoma mara nne nikitumaini nimekosea herufi.

Na simu yako ilikuwa inalia kila Ijumaa.

"Mama, kiwanja changu?"

"Kipo, mwanangu. Kiwanja chako kipo."

Mara ya kwanza nilisema ili nisikuharibie Ijumaa. Mara ya pili nikasema kwa sababu nilishasema. Ukaniletea kwenye simu mchoro wa nyumba. Ukaniuliza jiko lielekee wapi. Nikakujibu liangalie kaskazini, kusi likivuma lichukue moshi. Miaka sita tulijenga nyumba ile kwenye simu, wewe na mimi. Tuliweka baraza, tukaweka kisima, ukataka choo cha ndani nikagomba, ukashinda. Kuna siku nilikuwa nasahau kwamba haipo. Nilikuwa nalala nawaza mapazia.

Wewe nawe hukuniambia yako. Hukuniambia kwamba mgongo ulikukatalia, ukaacha kazi kabla ya wakati, wakakupunguzia pensheni. Hukuniambia chumba cha mwanao Salimu hakikutoshi, na kwamba kodi ya huko inaimaliza pensheni yako kabla hujanunua mkate. Hukuniambia umechukua pasi ya Kijerumani ukaacha ya kwetu. Nilijua siku ulipofika, uliponionyesha muhuri wa mgeni waliokugongea uwanja wa ndege, unacheka huku macho yamejaa maji. Mtoto niliyemzaa Mbegani kwa mkunga wa Mbegani, anahesabiwa siku za kukaa Mbegani! Kwa hiyo wapi utakapozeekea pasiwe ugenini? Sisemi kwa kukushtaki. Nasema tulikuwa waongo wawili, kila mmoja anamfichia mwenzake ili asimwumize, na simu inalia kila Ijumaa.

Siku tatu nilikuzungusha. Nikasema leo mvua, kesho kuna maulidi, keshokutwa mguu unauma. Siku ya nne ukavaa viatu ukasema, "Mama, twende au nitakwenda peke yangu." Nilitembea nyuma yako. Nilikuona unavyotafuta minazi kwa macho, kisha ukasimama mbele ya geti jeusi.

Mimi ndiye niliyebonyeza kengele. Akatoka Mama Kofia, yule bibi wa Kijerumani, na kofia yake ya ukili, ametandaza mikono.

"Mama! Karibu nyumbani!"

Kila Alhamisi ananiambia hivyo. Nakwenda kufagia kaburi la mume wangu, nabonyeza kengele, nakaribishwa nyumbani. Hana ubaya, hajui. Tajiri wa Dar alijenga akawapangisha yeye na mzee wake, wao wanajua hivyo tu. Ananiletea maji ya baridi nikiwa nafagia, na haruhusu mtu kukanyaga makaburini. Angekuwa mtu mbaya ningepata wa kumchukia, ningepumzika.

Ukaniuliza, "Mama, hawa ni nani?" Nikasema tu, "Niliuza minazi." Ukaniangalia. Ukasema, "Umeniuza mimi." Neno hilo ulilisema kwa sauti ndogo, kelele zilikuja baadaye, lakini mimi nasikia ile ndogo.

Kisha ukakaa kwenye baraza yao, mkaanza Kijerumani. Nilikaa kama mzigo. Nikaona unauliza, anajibu, unauliza, anakwenda ndani analeta daftari. Njiani ndipo uliponifasiria. Kwamba na wao walishindwa na maisha ya kwao. Walimu wa shule, miaka yote ya kazi, wakakuta uzee hawauwezi. Wakakaa na daftari wakapanga nchi saba: kodi, umeme, hospitali, joto, bei ya samaki. Bagamoyo ikashinda, kwa sababu ni rahisi.

Rahisi! Zuhura, nimeishi hapa tangu nina miaka kumi na saba, nimezika hapa, nimelia hapa, sijawahi kusikia mtu akipaita rahisi. Kwangu palikuwa ghali siku zote. Palinila mtoto, palinila mume, palinila mgongo. Na kumbe huko mbali kuna mtu amekaa mezani na kalamu anasema, pale ndiyo bei yetu.

Na wewe ukanunua daftari kama lake. Wiki mbili nimekuona hapa kitandani kwangu umelikunjua, simu mkono mmoja. Uturuki umeifuta, Ureno umeifuta, Malaysia umeifuta. Indonesia ikabaki. Ukaniambia kuna mji mdogo wa pwani, watu Waislamu, azana unaisikia, na minazi, Mama, imejaa! Nikakujibu kwa ukali unakwenda kutafuta minazi kwa watu. Ukafunga mlango. Nilistahili.

Sasa nikwambie kitu ambacho Mama Kofia hakukwambia, maana kwa Kijerumani labda kinaona haya. Mwaka jana, baada ya mvua za masika, alikuja mbio mpaka hapa kwetu, hana kofia, hana viatu. Mzee wake alikuwa ameteleza bafuni, na mlinzi hakuwepo. Nikaenda naye kwa bodaboda. Nikamkuta mzee wa watu uchi kwenye vigae, mrefu kama mlingoti, ananitazama, ananiita kwa jina nisilolijua. Mkewe akasema ni jina la dada yake, alishakufa zamani. Tukamshika makwapani, mimi upande huu na yeye upande ule, tukamwinua. Sisi wawili ni vikongwe, tunatetemeka, tunahesabu moja, mbili, tatu, yeye kwa lugha yake mimi kwa yangu. Tulipomlaza, mkewe akakaa chini akalia. Akasema, "Mama, hapa hatuna mtu."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Una nyumba." Kisha nikaondoka. Nilisikia raha mpaka nikafika barabarani, raha ikaisha.

Sikwambii usiende. Ungebaki wapi? Chumba hiki ni cha wanawe mama yako mkubwa, mimi mwenyewe nimehifadhiwa. Tumelala wiki tatu kitanda kimoja, feni mbovu, unageuka kwa kuugulia na mimi najifanya nimelala. Umesema huwezi kuzeekea kwenye chumba cha kuhifadhiwa, na maneno yako ni ya kweli. Lakini lile daftari lako, ulimoandika bei ya samaki na bei ya umeme, nimelisoma. Ndiyo, nimelisoma ulipokuwa sokoni, sasa najua kusoma, uangalie vitu vyako. Hakuna mstari wa nani atakuinua. Wewe uliyeinua wazee wa watu mpaka mgongo ukaisha, umesahau kujiandikia huo mmoja. Ukifika huko, kabla hujaweka pazia, mtafute mwanamke mmoja wa jirani, mkali, asiyekuonea haya. Mpelekee chakula. Gombana naye ikibidi, upatane naye. Usingoje siku ya vigae.

Na ukidanganywa, sema. Na ukidanganya, sema mapema, siku ileile, ikiwa bado ni uongo mdogo wa Ijumaa moja.

Limebaki moja, nalo ndilo nililonunulia daftari hili.

Nilikwambia nilisoma neno ardhi mara nne. Sikukwambia nilisoma mpaka mwisho. Kassimu aliniahidi makaburi atayaandika, na aliyaandika. Isipokuwa eneo la makaburi, hatua saba kwa tatu, ambalo linabaki mali ya muuzaji. Muuzaji ni mimi. Kwa hiyo ndani ya ule ukuta, nyuma ya lile geti jeusi, tunacho kipande, na minazi miwili yetu juu yake. Alhamisi iliyopita nilikipima kwa miguu yangu. Wapo wanne. Upande wa kushoto wa baba yako, panapoangukia kivuli cha mnazi asubuhi, inabaki nafasi ya mtu mmoja, haizidi.

Nafasi ile ilikuwa yangu. Miaka yote hii ndiyo iliyokuwa inanilaza usingizi, kwamba hata nikibonyeza kengele ya watu, siku moja nitaingia na sitatoka. Nimempigia kaka yangu Kiwangwa. Nimemwambia siku yangu ikifika mnichukue, nilazeni kwa wazazi wetu, kwenye mananasi nilikotoka. Akauliza, dada, na mume wako? Nikamwambia mume wangu atakuwa na mgeni. Imamu nimemwambia, Mwalimu Rehema nimemwambia, na Mama Kofia nimemwonyesha kwa kidole, akavua kofia. Wote wanajua ile ni ya Zuhura.

Usije ukajifunga nayo. Huko ukifia, wakuzike huko, Mola ni huyo huyo. Lakini kama hiyo nchi nayo bei yake itakushinda, na daftari likaisha, ujue kuna mahali ambapo hawatakuuliza pasi wala muhuri wa mgeni, na kodi haipandi.

Miaka sita nilikwambia kwenye simu kiwanja chako kipo, na nilikuwa mwongo. Leo nakuandikia kwa kalamu, kwa mkono wangu, dole gumba limepumzika. Kiwanja chako kipo, mwanangu. Ni kidogo, jiko haliingii. Lakini kipo.

Mama yako,
Mwanahawa